Kila Tawi Lina Mwenyewe: Mafunzo Niliyopata Nikitunza Programu Huria Kilifi

Kazi yangu hapa Kilifi ni kuandika programu zinazotumiwa na makarani wa rekodi katika zahanati na vituo vya afya. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, muda wangu mwingi unakwenda katika kusoma programu walizoandika wenzangu, kuamua ipi iingie, lini, na mahali gani. Tuko wachache tunaotunza moduli ndogo ya programu huria. Wengine wako Kilifi mjini, wengine Malindi, na mmoja alihamia Eldoret. Moduli hiyo imekaa juu ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa 2004 na watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana pamoja na Partners In Health, ukaanza kutumika Eldoret Februari 2006. KenyaEMR, unaotumika katika kliniki nyingi za VVU nchini, umejengwa juu ya mfumo huohuo. Kwa hiyo tunapozungumzia programu huria pwani, hatuzungumzii mchezo wa vijana wenye laptopu. Tunazungumzia faili ya mgonjwa.

Kwa asiye wa fani, niseme maneno mawili. Programu huishi katika hazina moja yenye historia yake yote, na wengi wetu huitunza kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds Aprili 2005 ili aweze kusimamia kazi ya Linux, mfumo endeshi huria. Tawi ni mkondo wa programu ileile unaoendelea kuandikwa kando ya mwingine. Kiraka ni badiliko moja lililofungwa vizuri: mistari iliyoondolewa, iliyoongezwa, nani kaandika, na kwa nini. Mtunzaji ndiye anayeamua kiraka kipi kiingie tawi lipi. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuamua huko.

1. Kabla hujafungua tawi, jua nani atalisimamia na nani atalitegemea

Nimeingia katika miradi yenye matawi mengi yasiyo na mtu. Moja limepewa jina la aliyelifungua na akaondoka, jingine limeitwa "jipya", la tatu "jipya la mwisho". Ukiuliza programu inayotumika kituoni imetoka tawi gani, watu wanatazamana. Shida hapo haiko katika wingi wa matawi. Hakuna aliyesema tawi fulani ni la nani.

Mfano nilioupenda ni wa mradi wa Git wenyewe. Junio Hamano amekuwa mtunzaji wake tangu Julai 2005, na kwa miaka yote hiyo mpangilio wake haujabadilika sana. Kuna `maint`, la wale wanaotaka marekebisho tu ya toleo walilonalo. Kuna `master`, ambamo toleo lijalo linatengenezwa. Kuna `next`, la viraka vilivyokwisha kusomwa lakini vinahitaji kutumiwa na watu jasiri kwa muda kabla havijaaminiwa. Na kuna `seen`, ambamo huwekwa karibu kila kilichopokelewa, bila ahadi yoyote kwamba kesho kitakuwepo. Kila wazo jipya huanza katika tawi lake dogo, kisha hupanda ngazi hizo moja baada ya nyingine. Anayechukua `seen` anajua anachukua nini. Anayechukua `maint` ameahidiwa utulivu.

Sisi hatuhitaji ngazi nne. Tunazo tatu: imara, kuu, na majaribio. Maana yake kwetu hatukuipata kwenye kitabu. Ilitoka kwa mama mmoja wa rekodi katika kituo cha upande wa Bamba. Nilikuwa nimekwenda kumwekea toleo jipya mwanzoni mwa mwezi, siku ambazo makarani wanajumlisha takwimu za mwezi uliopita ili ziingizwe kwenye mfumo wa taifa wa DHIS2, ambao Kenya imekuwa ikiutumia nchi nzima kupitia mtandao tangu 2011. Akaniambia, "Mwanangu, mapya yenu ni mazuri, lakini hizi siku za ripoti niacheni nipumue."

"Sawa, mama. Hatugusi kitu mpaka utume."

Tangu siku hiyo tawi imara ni lake yeye na wenzake. Hatutoi toleo kutoka tawi hilo mpaka ripoti za mwezi ziwe zimekwisha kwenda, hata kama kiraka kiko tayari na mwandishi wake anasubiri kwa hamu. Tawi kuu ni letu sisi waandishi pamoja na kituo kimoja kilichokubali kutangulia. Majaribio ni la yeyote. Ukishajua mwenye tawi, maswali mengi yanajibika yenyewe: kiraka hiki kinamsaidia nani, na nani ataamka usiku kikiharibika?

2. Kiraka kimoja kibebe jambo moja

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Pwani alituletea kiraka kizuri sana ndani ya kiraka kibaya. Alikuwa ameona kwamba tarehe ya ziara inayofuata inakosewa mwezi ukiwa na siku 31, akairekebisha. Alipokuwa humo, akapanga upya nafasi za mistari katika faili nzima, akabadilisha ujumbe mmoja wa Kiswahili, na akaongeza kitufe alichodhani makarani watakipenda. Kilipofika kwetu kilionyesha mamia ya mistari iliyobadilika. Rekebisho lenyewe la tarehe lilikuwa mistari michache iliyozama humo.

Nikamwandikia, "Ndugu yangu, kazi ya tarehe ni safi na tunaihitaji. Tafadhali itenge peke yake." Alivitenga. Cha tarehe kiliingia jioni hiyohiyo. Cha ujumbe kiliingia baada ya makarani kukisoma. Kitufe tulikikataa, na kupanga mistari tukasema kungojee siku ambayo hakuna kiraka kingine kilicho njiani katika faili hiyo.

Sababu yake si usafi tu. Ipo siku programu itaharibika na hakuna atakayejua tangu lini. Git ina njia ya kutafuta kwa kugawa historia nusu kwa nusu: unajaribu toleo la katikati, unasema zima au bovu, unagawa tena. Katika mabadiliko 1,000 unahitaji majaribio kama 10 tu kumfikia mkosaji. Lakini ukishamfikia na kukuta amebeba mambo manne kwa pamoja, umefika mlangoni bila ufunguo. OpenMRS huwafundisha wachangiaji wake nidhamu hii tangu siku ya kwanza: kila kazi ina tiketi yenye namba, tawi linapewa namba hiyo, maelezo ya badiliko yanaanza na namba hiyo, na mwisho kazi inakunjwa iwe badiliko moja. Nimeona wageni wakiliona jambo hilo kuwa usumbufu wa urasimu. Ukifuatilia hitilafu ya miaka miwili nyuma saa tano usiku, utawashukuru waliolisisitiza.

3. Mchangiaji akijibiwa "bado", ajue bado nini

Wanaotuletea viraka hapa hawalipwi kwa kazi hiyo. Wengi wanaandika usiku, kwa bando walilonunua wenyewe, baada ya kazi ya mchana. Kiraka kikikaa kimya kwa majuma, mwandishi hajui kama kimesomwa, kimedharauliwa au kimesahauliwa, naye haulizi, kwa sababu pwani hatupendi kumsumbua mtu. Anaondoka tu. Naamini ukimya wa watunzaji umewafukuza watu wengi katika programu huria kuliko maneno makali.

Katika mradi wa Git, Hamano hutoa taarifa mara kwa mara yenye orodha ya kila tawi dogo lililo mkononi mwake: lina viraka vingapi, liko ngazi gani, na linangoja nini. Moja linangoja mwandishi ajibu maoni. Jingine linangoja msomaji wa pili. Jingine litapanda wiki hii. Mtu aliye nchi yoyote anasoma anajua aliposimama. Linux nao wana saa yao: toleo likitoka, dirisha la kupokea mapya huwa wazi kwa wiki mbili, kisha hufungwa, na wiki sita au zaidi zinazofuata ni za kurekebisha tu, hata toleo jingine litoke baada ya wiki kama tisa au kumi. Ukichelewa dirisha, hujafukuzwa. Utapanda lijalo.

Tulichukua mambo hayo mawili kwa kipimo chetu. Kila kiraka kinachoingia hupata jibu la kwanza haraka, hata kama jibu lenyewe ni "nimekiona, nitakisoma Jumamosi". Na kila mwisho wa mwezi tunaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: hiki kimeingia, hiki kinangoja majaribio, hiki hatutakichukua kwa sababu hii. Sababu za kukataa huandikwa waziwazi na bila kumgusa mtu. Kukataa bila sababu ni dharau, hata ukiongeza "samahani" tatu.

4. Tawi la zamani lipokee kidogo, na lipokee kwa masharti

Hapa ndipo mtunzaji anaposhawishika zaidi. Kituo kiko kwenye toleo la zamani, kimesikia toleo jipya lina ripoti nzuri, na daktari anaomba: si mtupe ile ripoti tu, hayo mengine bakini nayo? Ombi ni la haki na mwombaji ni mtu unayemheshimu. Ukikubali mara tatu, tawi imara limekuwa tawi kuu la pili lisilo na majaribio.

Greg Kroah-Hartman na wenzake wanaotunza matoleo imara ya Linux wana kanuni zilizoandikwa, na mbili nimezibandika ukutani. Ya kwanza: kiraka hakiingii tawi imara kama hakijaingia kwanza katika shina kuu la Linus. Ya pili: kisizidi mistari 100, ukihesabu na ile inayokizunguka. Ya kwanza inazuia jambo la kutisha, nalo ni kurekebisha hitilafu kituoni leo kisha ikarudi mwakani kituo kinapohamia toleo jipya ambalo halikurekebishwa. Ya pili inalazimisha unyenyekevu.

Sisi tumeongeza ya tatu, inayotokana na aina ya kazi yetu: kiraka kinachogusa umbo la hifadhidata hakirudi nyuma, hata kiwe na faida gani. OpenMRS hutumia Liquibase kubadilisha majedwali hatua kwa hatua, na kila hatua hukumbukwa kwamba imeshafanyika. Ukichomeka hatua ya mbele katika tawi la nyuma, umeandaa ugomvi utakaozuka siku ya kupandisha toleo, tena katika seva moja iliyoko chumba cha nyuma cha zahanati, mahali ambapo nakala ya akiba pengine ni ya mwezi uliopita.

Tunaporudisha kiraka nyuma tunatumia `git cherry-pick -x`, ambayo huandika ndani ya maelezo namba ya badiliko la asili. Ni herufi moja tu ya ziada. Lakini miezi ikipita, mtu yeyote anaweza kulinganisha matawi mawili na kujua kipi kimerudishwa na kipi hakijarudishwa bila kumtafuta aliyefanya.

Desemba 2021 ilitufundisha kwa nini tawi imara lazima liwe safi wakati wote. Ilipotangazwa hitilafu ya Log4j, kipande kinachotumiwa na programu nyingi mno za Java duniani, rekebisho la kwanza lilitoka kama toleo 2.15.0, likaonekana halitoshi, ikaja 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote kabla mwaka haujaisha. Mradi uliokuwa na tawi imara lisilo na kazi nusunusu ulibadilisha namba ya toleo la Log4j, ukapima, ukatoa, ukarudia mara ya pili na ya tatu. Ambao walikuwa wamechanganya marekebisho na mapya yasiyokomaa iliwabidi wachague kati ya kubaki na tundu na kuwapelekea watu programu isiyopimwa.

5. Tofauti yako ya nyumbani ipeleke juu

Hili ni funzo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa vizuri, na ndilo ningemwambia kijana yeyote wa Kilifi anayeanza.

Huku kwetu, miongoni mwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, watoto hupewa majina ya babu na bibi zao, na jina la pili ni la baba. Charo wa Kahindi akipata mwana, atamwita Kahindi kwa baba yake. Huyo Kahindi Charo naye akipata mwana, anaitwa Charo. Majina mawili yanapokezana kizazi hadi kizazi. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Kahindi Charo watano, na babu na mjukuu wakawa na majina yaleyale kwa mpangilio uleule. Ongeza kwamba wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. OpenMRS imelifikiria hilo la tarehe: kuna alama inayosema tarehe hii ni ya kukadiria. Lakini kanuni za kulinganisha wagonjwa, zile zinazomwonya karani kwamba pengine mtu huyu ameshaandikishwa, mara nyingi huandikwa na watu wanaochukulia kwamba jina la mwisho ni la ukoo na halirudiwi ovyo.

Shida hii ya majina si ngeni Kilifi. Mpango wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza hapa 1989, umekuwa tangu 2000 ukiwafuatilia wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891, zaidi ya watu robo milioni, na kuunganisha rekodi zao na zile za waliolazwa katika hospitali ya kaunti. Yeyote aliyefanya kazi ya rekodi mjini hapa anajua kwamba jina peke yake halimtambui mtu. Unauliza kijiji, unauliza jina la mama, unauliza boma la nani.

Basi tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchukua msimbo wa kulinganisha, kuubadilisha kwa ajili ya Kilifi, na kukaa nao wenyewe. Ni njia ya haraka, na nimeona shirika moja katika kaunti nyingine likiifuata. Mwaka wa kwanza lilifurahi. Kisha mradi mkuu ukasonga mbele, nakala yao ikabaki, kila toleo jipya likahitaji majuma ya kusuluhisha migongano, hadi wakaacha kupandisha toleo kabisa. Nakala ya namna hiyo ni ngalawa iliyokatika kamba usiku maji yakitoka: saa ya kwanza ungeweza kuifuata kwa kuogelea, asubuhi huioni.

Njia ya pili, tuliyoichagua, ilikuwa kuipeleka tofauti yetu juu, kwenye mradi mkuu. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiraka cha kupeleka juu hakiandikwi kama kiraka cha nyumbani. Huwezi kuwaambia watu wa nchi nyingine wapokee mistari inayosema "kama ni Kilifi, fanya hivi". Inabidi ujiulize shida yako inafanana na ya nani mwingine. Tulipotulia tukaona Ethiopia pia jina la pili ni la baba, na Iceland vilevile kwa walio wengi. Shida yetu ilikuwa ya mtu yeyote ambaye jina lake la mwisho si la ukoo. Kwa hiyo kiraka kikabadilika: badala ya kanuni ya Wagiriama, kikawa mlango wa kumwezesha kila msimamizi aseme ni sehemu zipi za rekodi zipimwe, na kila moja iwe na uzito gani. Jina la mama lilikuwa na nafasi yake tayari katika mfumo. Kijiji pia. Sisi tukabaki na faili ndogo ya mipangilio, na msimbo wote ukawa wa watu wote.

Ilichukua muda. Tuliulizwa maswali ambayo mwanzoni yalituchosha: itakuwaje uwanja ukiwa mtupu, kasi itakuwaje kwenye rekodi laki moja, majaribio yako wapi. Tuliandika majaribio kwa majina ya kubuni yenye mpangilio wa Kigiriama, na hayo majaribio ndiyo hazina kubwa kuliko msimbo wenyewe. Sasa mtu yeyote, hata asiyewahi kusikia neno Giriama, akibadilisha kitu kinachowachanganya babu na mjukuu, taa nyekundu inawaka kabla kiraka chake hakijaunganishwa.

6. Jina la mgonjwa lisiguse hazina

Karani akiona hitilafu, njia rahisi kwake ni kupiga picha ya skrini na kuituma. Picha ina jina, namba ya kliniki, pengine na dawa. Mchangiaji naye akitaka kuthibitisha rekebisho lake, anachukua kipande cha data halisi na kukiweka katika majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalizungumzia jambo hili kwa uzito, lakini hata bila sheria, fikiria mji mdogo kama wetu, ambapo jina, kijiji na siku ya kliniki vinatosha kumjua mtu.

Ugumu ni kwamba Git haisahau. Ukifuta faili leo, bado imo katika historia, na kila aliyenakili hazina anayo. Kuisafisha ni kuandika upya historia na kuwaomba wote wanakili tena, na hakuna wa kukuhakikishia kwamba wote wamefanya hivyo. Ndiyo maana tunazuia mlangoni: picha za hitilafu zinakuja kwa njia ya faragha, na kiraka chenye data inayofanana na ya watu hakisomwi hata mstari wa kwanza mpaka kiondolewe.

7. Flashi nayo ni mtandao

Kuna vituo vya Magarini na Ganze ambako mtandao unakuja na kwenda, na Mto Sabaki ukifurika hata barabara zinakatika. Git ilitengenezwa kwa kazi ya mbali, na ina amri ya `git bundle` inayofunga historia yote, au sehemu mpya tu, ndani ya faili moja. Unaiweka kwenye flashi, anayekwenda na bodaboda anaibeba, na kule inafunguka ikiwa na kila jina la mwandishi na kila sababu. Fundi wa kituo anaweza kurekebisha hukohuko na kuturudishia viraka vyake kwa njia ileile. Vinasomwa kwa kanuni zilezile. Hakuna mlango wa nyuma kwa ajili ya aliyekuja kwa barabara.

8. Mtunzaji mmoja ni hatari, kwake na kwetu

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mwandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, alitangaza kwamba ndani ya xz, kipande kidogo cha kubana mafaili kilichomo karibu katika kila Linux, kumefichwa mlango wa siri. Alikuwa ameona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akafuatilia. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na sumu. Aliyeitia, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili viraka vizuri, hadi akapewa haki ya kutoa matoleo.

Nimesoma habari ile mara nyingi, na kinachoniumiza ni sehemu yake ya mwanzo. Lasse Collin alikuwa ameitunza xz kwa miaka mingi karibu peke yake, bila malipo. Alipochoka na kusema hivyo hadharani, walitokea watu wasiojulikana wakimsukuma na kumlaumu kwa kuchelewa, wakimtaka apokee msaidizi. Msaidizi alikuwa tayari anangoja. Walioshambulia walitumia uchovu wa mtu mwema. Na sisi sote tuliokuwa tukiitumia xz kila siku hatukuwahi kumuuliza hali yake.

Kwa upande wa ufundi, funzo liko wazi: kichocheo cha ule mlango hakikuwa katika hazina ya Git ambako kila mtu angekiona, kilikuwa katika kifurushi cha toleo tu. Kwa hiyo sisi hutengeneza kila kifurushi kwenye mashine mbili za watu wawili, kutoka tawi imara, na kulinganisha alama zake. Zikitofautiana, hakuna toleo.

Kwa upande wa utu, tumekubaliana kwamba mtu akisema amechoka, kazi yake inagawanywa wiki hiyohiyo, na hadaiwi maelezo. Ramadhani tunapunguza mwendo. Mwenzetu akifiwa, viraka vyake vinangoja matanga yaishe. Mchangiaji anayelalamika kwa nini tumechelewa anajibiwa kwa upole na mwingine, si na yule aliyelemewa.

9. Jina la mwandishi lisipotee njiani

Linux wana desturi tangu 2004 ya kila kiraka kubeba mstari wa saini wa mwandishi na wa kila mtunzaji aliyekipitisha, ikiwa ni kiapo kwamba ana haki ya kukitoa. Ni kinga ya kisheria, na kwa wanafunzi walio kazini kwa muda ni jambo la kuuliza mapema: je, mwajiri anaruhusu kazi hii itolewe kwa leseni huria? Lakini saini ina kazi nyingine. Nikikiandika upya kiraka cha mtu ili kiingie haraka, jina linalobaki katika historia linaweza kuwa langu. Nahakikisha linabaki lake. Kijana wa Mambrui akienda kuomba kazi Mombasa au Nairobi, hana cheti kizuri kuliko jina lake katika historia ya programu inayotumika hospitalini.

10. Tawi hufungwa baada ya watu kuhama

DHIS2 wana kanuni ya kuhudumia matoleo matatu ya karibuni tu, na kwa mradi mkubwa hivyo ni busara, kwa kuwa kila tawi lililo wazi hula muda wa mtu. Sisi ni wadogo, na vituo vyetu tunavijua kwa sura. Tawi letu la zamani kabisa lilipangiwa kufungwa mwaka huu. Vituo karibu vyote vimehama. Vimebaki viwili, kimoja ng'ambo ya Sabaki, kimoja ndani ya Ganze, vyenye kompyuta ambamo toleo jipya halitakwenda mpaka ziongezwe kumbukumbu (RAM). Kumbukumbu hizo zimeagizwa. Mwenzetu wa Malindi ameandikwa kuwa msimamizi wa tawi hilo hadi zifike, na kiraka chochote cha usalama kikitoka kabla ya hapo, yeye atakipima kwanza kwenye laptopu kuukuu yenye kumbukumbu ndogo kama zao, kisha atapanda nacho gari la Marafa.